Atiman wa Karema na faradhi tuliyoiacha

Mwaka jana nilikuwa darasani, katika shule moja ya sekondari hapa Mpanda, nikifundisha Maarifa ya Uislamu. Mada ilikuwa faradhi ain na faradhi kifaya. Nilipomaliza kueleza kwamba faradhi kifaya ni ile ambayo wakiitekeleza baadhi inawatosha wote, na wasipoitekeleza wote wanapata dhambi, niliwataka wanafunzi watoe mifano. Mkono wa kwanza ulitaja sala ya jeneza. Wa pili ukataja kuosha maiti, wa tatu kukafini, wa nne kuchimba kaburi. Nikawapongeza, maana ndivyo vitabu vyetu vya kiada vinavyofundisha.

Kisha binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Akauliza kwa nini mifano yote ni ya mtu aliyekwisha kufa. Alitaka kujua iwapo kumtibu mtu huyo kabla hajafa si faradhi ya yeyote. Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Nilimjibu kwamba tiba nayo ni katika faradhi kifaya, na kwamba wanazuoni wamelisema hilo tangu zamani. Imam Ghazali, katika Ihyaa yake, aliwalaumu watu wa zama zake, miaka zaidi ya 900 iliyopita. Aliona miji ambayo wanafunzi wa fiqhi wamejazana hadi kusukumana, huku mjini humo hakuna tabibu ila asiyekuwa Muislamu. Yule binti hakuridhika. Akaniuliza ni nani basi katika mkoa wetu huu aliyeisimamia faradhi hiyo, ili na wao wamfahamu. Ndugu msomaji, nilitafuta kichwani jina la sheikh, la ustadh, la mfanyabiashara Muislamu wa Katavi. Jina lililonijia lilikuwa la Adrian Atiman, daktari na katekista wa misheni ya Karema. Sikulitaja. Nilimwambia tutaendelea wiki ijayo, kengele ikaniokoa.

Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kulitoa siku ile.

Najua wapo watakaouliza gazeti la Waislamu lina haja gani ya kumsifu mtu wa kanisa. Swali hilo ni la haki na nitalijibu. Sisi ndio tunaopiga kelele, na tuna haki ya kupiga, kwamba historia ya nchi hii imewasahau wazee wetu. Tunauliza wako wapi katika vitabu vya shule wale waliojenga nchi hii wakiwa na kofia na kanzu. Tunakumbusha juu ya East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa mwaka 1945 na kupigwa marufuku nchini mwaka 1968, ikiwa imekwisha kujenga shule na misikiti. Anayedai mizani ya haki itumike kwake hana budi kuitumia mizani hiyo hiyo kwa wengine. Allah (S.W.) ametukataza kuacha uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao, sembuse kwa mtu ambaye hakutukosea lolote. Na maisha ya Atiman, kama nitakavyoonesha, yanatuhusu sisi Waislamu zaidi ya tunavyodhani.

Atiman hakuwa mtu wa Katavi kwa kuzaliwa, wala wa Tanganyika. Alizaliwa kiasi cha mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, jirani na mji wa Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Kila aliyesoma historia ya Uislamu anaufahamu mji huo. Ni mji wa msikiti wa Sankore, mji wa maktaba na wanazuoni, uliokuwa ukisomesha fiqhi na nahau wakati miji mingi ya Ulaya ilikuwa midogo. Hapo ndipo alipokulia Sheikh Ahmad Baba, aliyefariki mwaka 1627. Yeye mwaka 1615 aliandika jibu mashuhuri kuhusu utumwa, akieleza kwamba Muislamu hafanywi mtumwa kwa hali yoyote na kwamba weusi wa mtu si sababu ya kumtia utumwani. Jibu hilo liliandikwa miaka 250 kabla Atiman hajazaliwa, na mwandishi wake alikuwa wa nchi ile ile.

Pamoja na elimu yote hiyo, mtoto Atiman alitekwa. Watekaji wa Kituareg walimchukua akiwa mdogo bado, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini. Mwenye kujua jangwa lile anajua maana ya safari hiyo kwa mtoto asiyefikisha miaka kumi: jua la mchana, baridi ya usiku, maji ya kugawiwa kwa kipimo. Mwaka 1876, akiwa na umri wa kama miaka kumi, akakombolewa Algeria. Walionunua uhuru wake walikuwa mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana hapa ndipo penye uchungu. Jangwa lile lote, kutoka Timbuktu hadi Algeria, lilikuwa nchi ya Waislamu. Njia aliyopitishwa mtoto yule ilikuwa na misikiti. Wauzaji na wanunuzi wa misafara ile walielekea kibla hiki hiki tunachokielekea. Dini yao iliwafundisha kwamba kumwacha huru mtumwa ni katika mambo makubwa ya wema. Surat al-Balad imeitaja kazi hiyo kuwa ndiyo kuipanda ile njia ngumu ya mlimani. Aya ya Zaka katika Surat at-Tawba imewatengea watumwa fungu lao ili wakombolewe. Kafara ya kiapo na kafara ya kuua bila kukusudia zinafungua mlango huo huo wa uhuru. Bilal (R.A.) alikombolewa kwa mali ya Abubakar (R.A.), na habari hiyo tunawasomesha watoto wa madrasa kila mwaka. Lakini mtoto wa Tundurma alipita katika nchi ya Waislamu kutoka mwanzo hadi mwisho, na aliyetoa mali kumkomboa hakuwa Muislamu.

Sitaki kueleweka vibaya. Najua biashara ya utumwa imegeuzwa fimbo ya kuwachapia Waislamu, na kwamba wapo wanaoisimulia kana kwamba mataifa ya Ulaya hayakuwahi kuvusha mamilioni ya Waafrika bahari ya Atlantiki huku makanisa yao yakiwa wazi kila Jumapili. Hilo ni kweli na tutaendelea kulisema. Lakini dhambi ya mwingine haijawahi kuwa toba ya mtu yeyote. Mtoto aliyeuzwa na watu wetu ana haki ya kusimuliwa na sisi pia.

Wala sitaficha upande wa pili. Kadinali Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers aliyeliasisi shirika lile mwaka 1868, hakuwa akikomboa watoto kwa ajili ya tiba peke yake. Alitaka kuueneza Ukristo Afrika, na aliamini kwamba Mwafrika mwenye ujuzi wa tiba atafungua milango ambayo padri wa Kizungu hawezi kuifungua. Alikuwa mjuzi wa mbinu. Hata vazi la mapadri wake, kanzu nyeupe na joho lake, aliliiga kwa Waislamu wa Algeria. Atiman aliachwa huru na wafanyabiashara ya watumwa, lakini njia ya maisha yake aliwekewa na watu wengine angali mtoto: dini, masomo, kazi na nchi ya kwenda kuifanyia. Mtu mwadilifu analiona hilo pia.

Baada ya kulelewa Algeria alipelekwa kisiwa cha Malta, ambako Lavigerie alifungua chuo mwaka 1881 kwa ajili ya vijana waliokombolewa utumwani ili wasomee utabibu. Malta nayo ina habari yake. Ilitawaliwa na Waislamu kuanzia mwaka 870 hadi 1091, na ingawa watu wake ni Wakatoliki, lugha yao hadi leo mizizi yake ni Kiarabu. Wanamwita Mwenyezi Mungu Alla, na mfungo wao wa Kwaresima wanauita Randan. Kwa kijana aliyekulia Algeria akisikia Kiarabu kila siku, lugha ya mitaani ya Malta haikuwa ngeni sana. Alisoma huko hadi mwaka 1888, akiwa na umri wa kama miaka 22.

Mwaka huo huo wa 1888, Lavigerie alikuwa akizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihutubia dhidi ya utumwa. Atiman yeye hakuhutubia. Alipanda meli kuja Afrika Mashariki, akajiunga na msafara wa wamisionari wa kwenda ziwa Tanganyika. Pwani yetu wakati huo ilikuwa inachemka. Ndio mwaka Abushiri aliposimama dhidi ya Wajerumani. Msafara ukaingia bara kwa miguu, katika njia zile zile ambazo watumwa na pembe za ndovu vilikuwa vikishushwa kwenda Bagamoyo. Fikiria, ndugu msomaji, kijana aliyevushwa jangwa akiwa bidhaa, sasa anatembea katika njia ya watumwa ya nchi nyingine akiwa tabibu. Mwaka 1889 akafika Karema.

Karema ipo pembeni mwa ziwa, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa Mpanda, katika wilaya inayoitwa sasa Tanganyika. Leo watu wanaitaja kwa sababu ya bandari mpya. Wakati ule ilikuwa ngome. Kapteni Cambier wa Ubelgiji aliijenga mwaka 1879 kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili, na mwaka 1885 ikakabidhiwa Mapadri Weupe. Ziwa zima lilikuwa katika msukosuko. Kaskazini, Ujiji, walikuwepo wafanyabiashara wakubwa kama Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, ambao watu wao walifika pande zote za ziwa kutafuta pembe na watumwa. Misheni nayo ilikuwa na askari wake chini ya Kapteni Joubert. Katikati ya bunduki hizo walikuwepo Wabende, Wafipa, Watongwe, Wapimbwe na Wakonongo, watu wa kawaida waliotaka kulima, kuvua na kulea watoto wao. Walikuwemo pia watumwa waliokombolewa na watu waliokimbia makwao, wasio na ukoo wa kuwasitiri. Hao ndio waliokuwa wagonjwa wa Atiman.

Tuzitazame zama zenyewe ili tuipime kazi. Atiman alipoanza kutibu Karema, hapakuwa na daktari yeyote duniani aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897, yeye akiwa na miaka minane kazini. Hapakuwa na aliyejua kwamba malale huletwa na mbung'o. Kwinini ilikuwepo kwa homa, chanjo ilikuwepo kwa ndui, na mengine yalitegemea mikono, usafi, uangalifu na subira ya tabibu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuacha njaa. Funza waliotokea upande wa Atlantiki walifika maziwa makuu wakaila miguu ya watu wasiojua hata jinsi ya kuwatoa. Mwanzoni mwa karne iliyofuata malale yalishambulia mwambao wa ziwa, na serikali ya Wajerumani ikahamisha watu kuwaondoa kwenye mbung'o. Kisha vita vya 1914 vikafika ziwani, meli zikapigana majini, na mwaka 1918 mafua makali yaliyoizunguka dunia yakaua watu wengi wa nchi hii.

Serikali zilikuja na kuondoka. Alifika wakati utawala wa Wajerumani ndio unaanza, akawaona wakishindwa vita, akawaona Waingereza wakichukua nchi. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, maana yake ni kwamba kwa miaka 33 mtumwa huyu wa zamani aliganga watu katika nchi ambayo mtu kummiliki mtu mwenzake kulikuwa bado hakujafutwa na sheria. Reli ilipofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, yeye alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 alikuwa hai bado. Alianza kazi kabla ya siri ya mbu kujulikana, akaiacha katika zama za penisilini.

Alioa Karema, mkewe akiitwa Agnes Wansabira, na mmoja wa watoto wao, Joseph, akawa padri. Pamoja na utabibu alikuwa katekista, yaani mwalimu wa dini ya Kikristo, na hakuwahi kuificha nia yake ya kutaka watu waifuate dini hiyo. Habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wakubwa wa dini yake na wa serikali walimtunukia nishani. Alifariki tarehe 24 Aprili 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru, akiwa ameitumikia Karema kwa miaka 67. Leo jina lake limepewa hospitali iliyopo Sumbawanga, na nyumba ya mapadri wa shirika lake jijini Dar es Salaam inaitwa pia kwa jina hilo.

Miaka 67! Naiandika tena ili tuione. Inasemwa mara nyingi kwamba nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Kijiji cha Karema, ambacho hata leo wako wenye vyeo wasiojua kipo wapi katika ramani, kilikuwa na tabibu Mwafrika tangu mwaka 1889.

Ninapoyatafakari maisha haya, kinachonigusa kuliko vyote ni kwamba alibaki. Elimu aliyokuwa nayo ingemtosha kuishi vizuri katika mji wowote wa pwani. Nami naomba nikiri jambo. Nilipopangiwa kazi Mpanda baada ya kumaliza chuo kikuu, nililia mbele ya mama yangu kana kwamba nimehukumiwa kifungo. Mwaka wangu wa kwanza haujaisha, tayari nilikuwa nimeandika barua ya kuomba uhamisho. Nilijiambia kwamba ninaomba kwa ajili ya familia. Ukweli ni kwamba nilitaka mji mkubwa. Uhamisho haukupatikana, Alhamdulillah, na leo nashukuru. Lakini barua ile niliiandika kwa mkono wangu, mimi ninayefundisha watoto habari za Answar na Muhajirina.

Kuna jingine. Miaka michache iliyopita, katika msikiti mmoja ambao sitautaja, kamati ilitangaza mchango wa kubadilisha vigae. Vigae vya zamani vilikuwa vizima, ila vilipitwa na wakati. Watu walichangia vizuri sana, nami nikiwemo, na ndani ya Ijumaa chache fedha zilitimia. Katika kipindi hicho hicho, jirani wa msikiti, mama mjane anayeuza mboga, alishikwa na uchungu wa kujifungua usiku. Walihangaika kutafuta nauli, mwisho akapakizwa kwenye bodaboda huku akishikiliwa na shemeji yake. Mama alipona, mtoto hakupona. Asubuhi tulifika wengi mazishini. Tulimwosha mtoto vizuri, tukamkafini vizuri, tukamsalia vizuri. Ile sehemu ya faradhi kifaya tunayoijua tuliitekeleza yote. Ndiyo maana swali la yule binti halikunichekesha.

Mtu asiseme kwamba mambo ya hospitali ni ya kuiga kwa makanisa. Sisi ndio tulioanza. Zama za Mtume (S.A.W.), bibi Rufaida al-Aslamiyya (R.A.) alipigiwa hema msikitini Madina akiwatibu majeruhi, na Saad bin Muadh (R.A.) alipoumia katika vita vya Khandaq alipelekwa huko. Mwaka 1154 Sultani Nuruddin Zangi alijenga hospitali Damascus. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga nyingine Cairo iliyopokea maskini na tajiri, wanaume na wanawake. Hospitali hizo ziliendeshwa kwa waqfu: maduka, mashamba na mabafu ya umma ambayo mapato yake yalilipa matabibu na dawa. Waqfu tunao na sisi. Tujiulize mapato yake yanakwenda wapi.

Wengi wetu tunalalamikia makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, ambayo kwayo hospitali za makanisa hupata ruzuku ya fedha za umma. Tunayo haki ya kuyahoji, kwa sababu kodi ni ya wote. Lakini hebu tuwe wakweli. Ruzuku hupewa hospitali iliyopo. Nyuma ya hospitali nyingi za namna hiyo kuna mtu aliyeanza na chumba kimoja cha udongo na akakaa hapo maisha yake yote. Serikali ikituita kesho tukagawane ruzuku, sisi Waislamu wa Katavi tutakwenda kuonesha nini?

Sisemi haya ili tukate tamaa. Katavi ya leo ina wavuvi wa ziwani, wachimbaji wadogo wa dhahabu, wafugaji, wakulima wa tumbaku na mpunga, na watu wa Katumba na Mishamo waliokuja wakimbizi kutoka Burundi baada ya mwaka 1972 na ambao wengi wao sasa ni raia. Wengi wao wanakaa mbali na barabara ya lami. Miongoni mwao wamo Waislamu wengi, na hata wasingekuwemo, njaa na ugonjwa wa jirani havina dini katika sheria yetu. Kazi ipo.

Rai yangu ni ndogo na inawezekana. Kila msikiti wa Ijumaa katika mkoa huu umchague kijana mmoja, wa kike au wa kiume, mwenye ufaulu wa sayansi na asiye na uwezo, umlipie ada ya chuo cha uuguzi au cha maafisa tabibu. Masheikh wetu watuongoze katika fungu la Zaka linaloweza kumfikia akiwa fukara, na kinachobaki kitoke katika sadaka na waqfu. Tumpe sharti moja tu: akihitimu aombe kazi kijijini, akae huko walau miaka mitano, na amtibu kila atakayeletwa. Tuanze na mabinti, maana mama zetu wengi wanachelewa kwenda kujifungua kwa kuona haya kuhudumiwa na wanaume. Misikiti kumi ikifanya hivyo kwa miaka kumi, watoto wanaotuuliza watakuwa na majina ya kutajiwa.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani nikawasimulia wanafunzi habari za Atiman, bila kuongeza wala kupunguza. Niliwaambia hakuwa Muislamu, na kwamba hilo ni baina yake na Mola wake. Niliwaambia alivyouzwa na waliomuuza. Darasa lilikuwa kimya. Yule binti hakuuliza swali tena siku hiyo. Alinifuata baada ya kipindi, akanieleza kwamba anasoma mchepuo wa sayansi na anataka kuwa mkunga, lakini baba yake ameshasema hana ada. Alitaka kujua kama upo msikiti unaosomesha.

Nilimwambia nitauliza. Nami sasa ndio nauliza.

Wabillahi tawfiq.